Kufuli la Chumba cha Kumi na Saba

Dada Rehema, siku ya kukabidhiana funguo uliniuliza chumba gani kinasumbua zaidi, nikakujibu "vyote" halafu nikapanda gari. Nilikuwa na haraka, na kusema kweli nilikuwa nakaribia kulia mbele ya watu. Sasa nina miezi mitatu nyumbani Tosamaganga, nafuga kuku ambao hawasikii amri yoyote, na nimeona jibu lile halikuwa la kiungwana. Kwa hiyo nakuandikia wewe na wenzako mlioajiriwa karibuni kuwa walezi wa mabweni. Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi vya kujaza hata mstari. Nitaandika kazi.

Nilianzia Mbeya, kwenye chuo kidogo, bweni la wasichana. Nilifika asubuhi nimevaa sweta la kuazima, na baridi ya huko ikanifundisha siku hiyo hiyo kwamba sweta moja si kitu. Mlezi mkuu alikuwa Mama Atu, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwili mkubwa na sauti ndogo. Nilitegemea anionyeshe ofisi. Badala yake akanipeleka kwenye korido.

"Fumba macho," akaniambia. "Nenda mpaka mwisho, urudi."

"Nifumbe macho, mama?"

"Kwani nimesema Kinyakyusa?"

Nikafumba. Nikagonga ndoo ya mtu, nikakanyaga beseni la nguo, wasichana wakafungua milango wakacheka mpaka basi. Mama Atu hakucheka. Alinifanyisha zoezi lile wiki nzima, mpaka nikawa naweza kuhesabu milango kwa mkono, nikajua cha tano kina msumari na cha nane kina ufa. Alisema umeme ukikatika wasichana watapiga kelele, na mimi natakiwa niwe nimeshafika kabla hawajamaliza kupiga. Alinifundisha pia kutumia pua kabla ya macho. Waya ukianza kuungua unanuka samaki waliochacha, na mkaa hauna harufu ya maana, ndiyo maana jiko la mkaa chumbani ni hatari kuliko yote. Haya yaandike mahali.

Sikuwa hodari tangu mwanzo. Wiki ya pili nilimkuta msichana anapiga pasi chumbani, jambo ambalo ni marufuku, nikaichukua pasi na kumpa onyo mbele ya wenzake. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote. Halafu akaninyooshea gauni: lilikuwa langu, nililompa Mama Atu asubuhi anitafutie mtu wa kunipigia pasi. Nililivaa Jumapili likiwa na makunyanzi upande mmoja.

Mume wangu alipohamishiwa Iringa nilimfuata, nikapata kazi kwenye chuo kile unachokijua. Bweni unalijua pia, lakini nitalieleza kwa ajili ya wenzako. Ni korido moja ndefu, vyumba thelathini na viwili, namba za witiri kushoto na za shufwa kulia, vitanda viwili kila chumba. Mlango mkuu uko mbele, pembeni ya ofisi ya mlezi. Mlango wa nyuma, wa chuma, uko mwisho wa korido, na funguo zake anazo mlezi. Nilimkuta pale mlinzi, Mzee Kalinga, Mhehe mwenzangu, ambaye kila asubuhi tulisalimiana "kamwene" kisha tukaanza kubishana.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa wa madirisha. Wezi walikuwa wanapitisha mti mrefu wenye ndoana dirishani na kuopoa kompyuta na mablanketi. Nikaandika barua, nikaandika nyingine, mpaka chuo kikaweka nondo madirisha yote. Siku mafundi wanamaliza kuchomelea, nilisimama nje najisikia mtu kweli kweli.

"Mwizi hataingia sasa," nikamwambia Mzee Kalinga.

"Hataingia," akasema. "Na aliye ndani akitaka kutoka?"

"Atatoka mlangoni, kama binadamu wengine."

Akatikisa kichwa, akaenda kumwagilia maua yake.

Sasa nije kwenye kubebana, maana bila hilo hutanielewa. Vitanda vilikuwa sitini na nne na wasichana wanaovitaka walikuwa zaidi ya hapo. Waliokosa walipanga mitaani, wengine mbali. Basi mwenye kitanda anamchukua rafiki yake aliyekosa, wanalala wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Wanafunzi wanaita kumbeba mtu. Chuo kilikataza, na adhabu ilikuwa wote wawili kuondolewa bwenini. Mimi nililichukulia jambo hili kama vita yangu binafsi. Nilihesabu miswaki. Nilihesabu ndala. Kila siku saa nne asubuhi, wakati wengi wako darasani, nilipita korido na rundo langu la funguo, na mara moja au mbili kwa mwezi nilifanya ukaguzi wa kushtukiza: napiga filimbi, napaza sauti, "Tokeni nje wote, acheni kila kitu!" Wanatoka, mimi naingia kusaka hita za kuchemshia maji na watu wa kubebwa. Wasichana waliniita Mama Rada. Walidhani sijui. Nilijua, na jina lile nililipenda.

Kitu ambacho Mama Rada hakukijua ni hiki. Mlango wenye kufuli kwa nje sikuugusa. Kufuli nje maana yake hamna mtu ndani, mwenyewe ameenda darasani, twende mbele. Wasichana walikuwa wameliona hilo muda mrefu. Kwa hiyo aliyembeba mwenzake, akienda darasani, anamfungia kwa kufuli lake mwenyewe la nje, na yule wa ndani anakaa kimya mpaka nimepita. Nilijiona mjanja kumbe wajanja walikuwa wananisikiliza hatua zangu tu.

Ilikuwa mwezi wa sita. Unaujua mwezi wa sita wa Iringa, hata maji ya bomba yanauma. Msichana wa chumba cha kumi na nne alikuwa amechomeka hita kwenye ndoo ya plastiki apate maji ya kuoga, akatoka mara moja kwenda kuongea na mwenzake jikoni, na wakaongea kweli kweli. Maji yakakauka, ndoo ikayeyuka, godoro likashika.

Nilikuwa ofisini, karibu saa nne, nimeshashika funguo kwa ajili ya mzunguko wangu. Pua ikaniambia kabla ya macho. Nilipotoka, moshi ulikuwa mwembamba tu juu, chini ya dari. Nikampigia kelele Mzee Kalinga alete ndoo za mchanga, akazima umeme kwenye boksi kuu na kupiga simu zimamoto. Mimi nikapiga filimbi nikaingia korido nagonga milango: "Tokeni nje wote, acheni kila kitu!" Nilifika mpaka mwisho, nikafungua mlango wa nyuma, nikawatoa kupitia huko. Walikuwa kumi na mmoja, mmoja na mafua, mmoja na taulo. Mlango uliofungwa kwa kufuli niliupita. Ndivyo nilivyofanya kila siku, na siku hiyo nilikuwa na sababu zaidi ya kwenda mbio.

Tulikusanyika kwenye nyasi nyuma ya bweni. Wenzao walioona moshi wakatoka darasani wanakimbia. Moshi sasa ulikuwa unatoka madirishani, mweusi, na Mzee Kalinga alikuwa ameshindwa kukifikia chumba cha kumi na nne kwa mchanga. Nikafungua daftari langu na kuita majina. Jina moja moja, "Nipo, mama," natia alama. Niliita kwa utaratibu, nikijipongeza kimoyomoyo. Nikamaliza, akabaki mmoja: Neema, wa chumba cha kumi na saba. Nikaliita tena. Halafu nikamwona anakuja mbio kutoka maabara, huko chini kabisa, viatu ameshika mkononi.

"Huyu hapa!" nikasema. "Wametimia. Sitini na wanne. Mungu asifiwe."

Neema hakusimama na wenzake. Alikuja moja kwa moja akanishika mkono, akawa anahema tu bila neno. Mkono wa pili ulikuwa na ufunguo.

"Pole, mwanangu, vitu vitanunuliwa vingine," nikamwambia.

"Mama, kumi na saba."

"Kumi na saba hamna mtu. Nimepita mimi mwenyewe."

"Yupo, mama." Akaanza kulia. "Yupo Tumaini. Nimemfungia."

Dada Rehema, sikiliza. Dirisha lilikuwa na nondo zangu. Mlango ulikuwa na kufuli lake. Katikati yake alikuwa mtoto wa watu, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye nyasi naita majina ya watu waliokuwa mbele ya macho yangu.

Sikumpa daftari mtu, nililiacha likaanguka, nikauchukua ufunguo mkononi mwa Neema. Kulikuwa na beseni la nguo chini ya kamba ya kuanikia, nikachukua kitenge kibichi nikajifunga puani. Mzee Kalinga akasema, "Mama, subiri zimamoto." Nikamwambia asinipotezee muda. Akachukua kitenge kingine akanifuata, bila ubishi, kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

Tuliingia kwa mlango wa nyuma, tukapiga magoti, maana hewa ilikuwa chini. Kuona ilikuwa haiwezekani. Nikafumba macho kabisa, yalikuwa yananichoma bure. Miaka yote nilihesabu milango kutoka mbele, na kutoka mbele kumi na saba ni mlango wa tisa mkono wa kushoto. Sasa nilikuwa natoka nyuma, na ilibidi nipige hesabu huku nakohoa: kutoka nyuma ni wa nane, mkono wa kulia. Nikatembeza kiganja ukutani. Mmoja. Wawili. Kwenye wa tano nikapotea, nikarudi mmoja, nikaanza tena. Mzee Kalinga alikuwa ameshika sketi yangu na anahesabu kwa sauti pamoja na mimi. Wa nane ulikuwa na kufuli.

Ufunguo uliingia mara ya tatu. Nikaita, "Tumaini!" Kitandani hamna mtu, nyuma ya mlango hamna mtu. Alikuwa chini ya kitanda, mahali alipozoea kujificha nikikagua, uso ameuzika kwenye sweta. Nilimkamata mguu nikamvuta, Mzee Kalinga akamshika mabega, tukatoka tulivyoingia. Kwenye nyasi alikuwa hajitambui. Kisha akakohoa, na wasichana sitini na wanne wakaanza kulia kwa pamoja. Zimamoto walipofika walikizima chumba cha kumi na nne na kuta za jirani. Tumaini alipelekwa hospitali kwa gari la chuo, kichwa chake kwenye mapaja yangu.

Daktari alisema moshi ungemuua kama angekuwa amesimama. Kulala sakafuni kulimsaidia. Siku ya pili nilimpelekea uji, nikamkuta amekaa, sauti imekwaruza. Ni msichana wa Rujewa, wazazi wake wanalima mpunga. Alikuwa amekosa chumba, akapanga mbali, na njia ya kutokea huko inapita kwenye miti ya misindano ambako vijana wawili walimvamia jioni moja wakamchania begi. Alikimbia akaokoka. Tangu hapo Neema akambeba. Kwa maneno mengine, mtoto alikuja bwenini kutafuta usalama.

Nikamuuliza swali lililokuwa limeninyima usingizi.

"Mwanangu, mimi nilipita pale mlangoni. Nilipiga filimbi. Kwa nini hukupiga kelele?"

Aliangalia uji. "Nilikusikia, mama. Nilisikia na funguo zako."

"Sasa?"

"Ulisema tokeni nje wote, acheni kila kitu. Nikajua ni ukaguzi. Nikaingia chini ya kitanda, nikabana pumzi mpaka upite." Akafuta macho. "Moshi ulipoingia ndipo nikapiga kelele, lakini nyie mlikuwa mmeshatoka. Nisamehe, mama. Nimekuletea matatizo."

Yaani yeye ndiye ananiomba msamaha! Nilitoka nje ya wodi nikakaa kwenye benchi, na mama mmoja aliyekuwa na mgonjwa wake akanipa pole akidhani nimefiwa.

Wiki iliyofuata ilikaa kamati ya nidhamu. Kanuni ilikuwa wazi: Neema na Tumaini waondoke, na huyo wa hita naye alikuwa na kikao chake. Mshauri wa wanafunzi, mtu mwema lakini anayependa karatasi, akaniomba taarifa yangu. Nikaisoma. Niliandika kwamba mlango wa kumi na saba niliupita kwa sababu ulikuwa na kufuli, na sikuita. Niliandika kwamba amri yangu ya moto na amri yangu ya kusaka wanafunzi ilikuwa ile ile, neno kwa neno. Niliandika kwamba nondo niliziomba mimi.

"Mama, hapa tunazungumzia makosa ya wanafunzi," mshauri akasema kwa upole.

"Ndiyo. Na mimi naomba langu liwekwe juu, halafu ya watoto yafuate. Yule binti aliniogopa mimi kuliko moshi. Mkimfukuza, mwaka ujao nitakuwa na wengine wanaoniogopa zaidi."

Mmoja akauliza kama najua kwamba taarifa ile itakaa kwenye faili langu. Nikasema faili langu limeshazoea. Hapo niliongopa, lilikuwa safi kabisa na nililionea fahari. Mwishoni Neema na Tumaini walipewa onyo la maandishi wakabaki chuoni, Tumaini akaruhusiwa kukaa kumi na saba mpaka apate pake. Mimi nikapewa langu. Ninalo hapa kabatini, pamoja na vyeti vya ndoa na vya ubatizo.

Mengine umeyakuta: madirisha yenye nondo zinazofunguka kwa ndani, vitasa badala ya makufuli, kengele ya moto ambayo haitumiki kwa kitu kingine chochote, hata kwa mzaha. Usije ukakubali itumike kuita watu kwenye mkutano. Ila daftari la pili sijui kama ulielewa maana yake, maana halina muhuri wa chuo.

Baada ya kamati nilibandika tangazo mlangoni kwa mwandiko wangu: nataka kujua anayelala humu ni nani, basi. Sitauliza kabebwa na nani, sitapeleka jina popote. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili hakuja mtu, ila tangazo lilichorwa masharubu. Ungekuwa wewe ungemwamini Mama Rada?

Siku ya tatu mchana Tumaini alitoka hospitali. Alipita ofisini, bado ana kikohozi, akasoma tangazo, akasimama mbele ya meza yangu.

"Andika na mimi, mama."

"Wewe nakujua. Wewe una ruhusa."

"Andika tu. Wananiangalia."

Nikanyanyua macho. Korido nzima ilikuwa imejaa vichwa milangoni. Nikafungua daftari jipya nikaandika, Tumaini, kumi na saba. Akasema asante kwa sauti kubwa kuliko kifua chake kilivyoweza, akaenda zake chumbani. Kisha akaja mmoja, akataja jina akiwa ameangalia sakafu. Nikaandika, nikamwambia ahsante, nenda. Akaja wa pili. Wakapanga foleni. Wengine nyuso nilikuwa nazijua, niliwadhani wageni wa kupita. Mmoja akaniambia, "Mama, mimi niko humu tangu mwaka wa kwanza," na alikuwa mwaka wa tatu.

Jioni nilihesabu. Bila Tumaini, walikuwa ishirini na watatu. Watu ishirini na watatu ndani ya nyumba ambayo funguo zake zote zilikuwa kiunoni kwangu, na daftari langu kwenye nyasi lilikuwa limesema wametimia. Siku ile walikuwa darasani, kwa bahati tu. Kama moto ungeanza siku nyingine, ningewaambia zimamoto hamna mtu ndani, na wangeniamini. Nilifunga mlango wa ofisi nikalia, Dada Rehema, kwa sababu kila asubuhi saa nne nilikuwa nimewapita.